Mvua Ilianza Tarehe Sita

Jumatatu, 3 Machi. Mvua: 0.0

Daftari jipya. La zamani limejaa hadi ndani ya jalada, na Mwokaji ameniuliza kama sasa nitahamia ukutani.

Kama kawaida yangu, ukurasa wa kwanza ni wa kuwataja waliomo, ili nikizeeka nisiulize watu. Mwokaji ni mume wangu. Huondoka alfajiri kuchoma mikate ya watu na hurudi mchana na unga kwenye nyusi. Tone ni binti yetu, miaka kumi, darasa la tano. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa mdogo na siku hiyo paa lilikuwa linavuja. Mimi ni mpimaji wa hali ya hewa. Kituo ni kile kiwanja chenye uzio nyuma ya nyumba: kipimamvua kimoja, vipimajoto vinne, na daftari la serikali ambalo ninalijaza kila siku saa tatu asubuhi.

Aliyenifundisha kazi alinipa sheria mbili. Kama hukupima, usikisie. Na ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja tu juu ya kosa, liendelee kusomeka, kisha andika lililo sahihi kando yake.

Mawingu yamerundikana. Bado.

Jumatano, 5 Machi. Mvua: 22.6

Imeanza usiku. Asubuhi madarasa mawili ya shule yalikuwa na maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu wa darasa la tano ametutumia wazazi taarifa: watoto watakwenda kwa zamu, siku moja shule, siku moja nyumbani. Siku ya nyumbani kila mtoto atasoma fungu la kitabu kwa sauti, ajirekodi kwenye simu ya mzazi, atume kwenye kundi la darasa. Mwokaji anasema enzi zetu ukisoma vibaya unachapwa na yanaisha hapo hapo. Siku hizi unahifadhiwa.

Alhamisi, 6 Machi. Mvua: 8.1

Siku njema. Tone alinifuata kituoni akiwa ndani ya koti langu la kazi, lile la kijani, mikono inafika magotini, na mabuti yangu ya mvua. Alishika gilasi ya kupimia akasoma mistari bila kukosea hata nukta. Nikampiga picha, nikaiweka kwenye stetasi ya simu yangu.

Jioni alikaa chumbani na simu kufanya kazi ya Mwalimu. Siku nyingi sijamsikia akicheka vile. Alikuwa anarudiarudia tu, tu, tu, kama anayeita kuku, halafu kicheko. Nilimwita mara mbili kwamba maji ya kuoga yamechemka. Nyumba ilikuwa na uhai.

Ijumaa, 7 Machi. Mvua: 0.4

Mwokaji kaunguza trei mbili. Anasema ni upepo. Mimi napima upepo, haukuwepo.

Jumanne, 11 Machi. Mvua: 31.0

Tone amenirudishia simu kabla sijaiomba. Ameiweka mezani kifudifudi, kama mtu anayefunika sahani yenye nzi. Nikamuuliza kama amemaliza kusoma, akaitikia kwa kichwa. Hakula.

Jumatano, 12 Machi. Mvua: 18.3

Shuka la Tone limelowa. Mara ya mwisho alikuwa na miaka minne. Nimelifua na kulianika chini ya ukingo wa paa, maana nje hakukaliki.

Alhamisi, 13 Machi. Mvua: 26.7

Shuka limelowa.

Ijumaa, 14 Machi. Mvua: 9.9

Limelowa. Tone anasema tumbo linamuuma. Mwokaji amemletea mkate mdogo aliouchoma wenye umbo la kobe. Alimshukuru baba yake kwa adabu kama mgeni, akauacha kwenye sahani.

Muuguzi, jirani yetu, amempima: hana homa. Binti yake anasoma na Tone, na wakati wa mvua wale wawili hutembea chini ya mwavuli mmoja. Leo binti yake alipita peke yake na mwavuli mzima.

Jumapili, 16 Machi. Mvua: 12.2

Shuka kavu. Nimeona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Jumatatu, 17 Machi. Mvua: 40.5

Nitaiandika kwa utaratibu.

Saa tatu na dakika kumi nilikuwa kibandani nikisubiri karatasi ikauke ili niandike. Simu ikatikisika. Ilikuwa picha kutoka namba ya Muuguzi. Nilidhani ni tangazo la chanjo. Ilikuwa stika ya chura, chura wa kuchorwa, mwenye uso wa mwanangu na koti langu la kijani.

Nilikaa nikiitazama. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba Muuguzi amerukwa na akili. Kisha nikaona haikutumwa kwangu. Ilitumwa kwenye kundi ambalo sikujua kuwa nimo, limefichwa chini kabisa ya simu yangu, linaitwa Bila Wazazi. Lina namba ishirini na tatu na zote nazijua: za mafundi, wauzaji, madereva, mama wa fulani, baba wa fulani. Watu wazima ishirini na tatu kwa namba. Kwa maneno, darasa la tano.

Chura kaingia shule leo? Nani kakaa alipokaa Chura, apanguse. Chura halali kitandani, analala dimbwini. Na kutoka namba ya Muuguzi, kila asubuhi tangu tarehe 12, taarifa: shuka moja leo. Shuka moja tena. Jana: leo hakuna, labda Chura kahama.

Dirisha lao linatazama ukingo wa paa letu. Nilikuwa ninaanika nguo. Kumbe nilikuwa ninatundika habari.

Na picha ile niliipiga mimi.

Niliandika 40.5 katika daftari la serikali, nikairudia kuisoma. Inasomeka.

Jumanne, 18 Machi. Mvua: 22.0

Nimemwambia Tone nimeona. Alikuwa amekaa kitandani juu ya miguu yake. Hakulia. Aliniomba nisimwambie Mwalimu, kwa sababu nikisema watajua amesema, na akisema itakuwa mbaya zaidi. Nikamuuliza mbaya zaidi vipi. Akafikiri, kama ninavyomfundisha afikiri kabla ya kusoma kipimo.

"Kama nisingekuwepo, wangemchagua mtu mwingine," alisema.

Nikamwambia ayarudie maneno hayo. Akasema hayana maana yoyote, ni maneno tu. Nimelala naye leo. Mwokaji kahamia kwenye kochi na miguu imening'inia nje.

Jumatano, 19 Machi. Mvua: 15.8

Mwokaji alitaka simu yangu aitie kwenye tanuri, joto la mikate ya maziwa, dakika arobaini. Nilicheka, kisha sikuweza kuacha kulia.

Nilikwenda kwa Muuguzi. Ni mtu niliyemkabidhi mwanangu siku ya kuzaliwa. Mikono yake ndiyo iliyomshika kwanza. Alinikaribisha, akatazama simu yangu, akafumba macho kidogo. Halafu akasema ni utani wa watoto, shoga yangu, hata sisi tulitaniwa na bado tumekua. Nikamuuliza tulipotaniwa, tulipofika nyumbani na kufunga mlango, utani ulikuwa unaingia? Akasema atazungumza na binti yake. Alinisindikiza hadi mlangoni haraka kuliko kawaida.

Naye alikuwa mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia.

Ijumaa, 21 Machi. Mvua: 33.4

Mwalimu ameitisha kikao cha wazazi, Jumamosi ya wiki ijayo. Ndiyo, nimesema. Tone hajui bado.

Nimeamua kwenda na kumbukumbu kamili, si malalamiko. Malalamiko watu huyajibu kwa malalamiko. Nimenakili kila ujumbe unaomhusu Tone: tarehe, saa, namba ulikotoka. Ni arobaini na moja.

Katika kupanda juu hadi mwanzo wa kundi nimekuta jumbe tatu za sauti za tarehe 6, zimetoka kwenye simu hii. Nilisikiliza sekunde chache za ule wa kwanza. Hazimhusu Tone kama mwenye kutendewa. Orodha yangu inaanza tarehe 11.

Jumatatu, 24 Machi. Mvua: 6.0

Shuka limelowa. Ninaanika ndani sasa, juu ya viti. Nyumba inanuka sabuni na ukungu.

Jumanne, 25 Machi. Mvua: 11.7

Nimekutana na Fundi Viatu sokoni. Nilimuuliza habari za mwanawe, ambaye yuko darasa moja na Tone, nikamwambia nimesikia haji shule hata siku za zamu yake. Akasema kijana hajisikii vizuri. Nikamtakia nafuu. Aliniangalia muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, akarudi kupaka gundi kisigino cha mtu.

Alhamisi, 27 Machi. Mvua: 29.1

Tone ameuliza nini kiko ndani ya bahasha niliyotilia orodha. Nimemwambia ni kazi. Akaniuliza inaanza lini. Nikamuuliza nini inaanza. Akasema basi.

Jumamosi, 29 Machi. Mvua: 37.2

Nimerudi saa sita. Sasa ni saa kumi na ndio kwanza naweza kushika kalamu.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yetu yamegusa videvu. Sakafu ilikuwa bado na matope. Mwalimu, macho mekundu kwa usingizi, alisema maneno machache kisha akanipa nafasi. Mwokaji alikuwa pembeni yangu, amevaa shati la sikukuu.

Nilisoma. Sikuongeza neno. Tarehe, saa, namba, ujumbe. Nilipofika kumi, watu walikuwa wameanza kutoa simu mifukoni na kuzitazama kama vitu walivyookota barabarani. Mwenye duka la dawa alisema kwa sauti ya chini kwamba ile namba ni yake na hajawahi kuandika kitu kama hicho maishani. Nilipotaja namba ya Muuguzi mara ya sita, yeye aliinamisha kichwa. Ninakiri: niliisoma taratibu.

Nilipomaliza, darasa lote lilikuwa langu. Mama mmoja nyuma alikuwa anafuta machozi. Nilihisi, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, kwamba kuna mtu amenishika mkono.

Ndipo Fundi Viatu akasimama. Ni mtu mpole, vidole vyake vina gundi nyeusi isiyotoka. Simu yake ameifunga kwa nailoni kwa ajili ya mvua, na alichukua muda kuifungua.

"Mama Tone, pole sana," alisema. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Umeanza kuhesabu tarehe ngapi?"

Nikasema kumi na moja.

"Wewe ndiye mpima mvua wetu. Hivi mvua huanza siku inapokulowesha wewe?"

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Fundi Viatu akabonyeza simu.

Kwanza ilikuwa sauti ya mwanawe, akisoma kazi ya Mwalimu ya tarehe 5: Mto umejaa, daraja limezama, tusubiri maji yapungue. Alifika kwenye tusubiri akakwama. Wote tuliosikia tulijikuta tumebana pumzi. Alijaribu, akajaribu, akafika.

Kisha ikaja sauti nyingine, ya msichana, changamfu, inayosoma vizuri: Mto umejaa, daraja limezama, tu, tu, tu, tu, tu. Kicheko. Betri imekwisha. Kicheko tena. Na nyuma yake, mbali kidogo, kama kutoka jikoni, sauti ya mwanamke mwenye furaha: Tone, maji yamechemka. Tone, njoo mama.

Sikuhitaji kugeuka kujua watu wote wananitazama. Mwokaji aliweka mkono wake juu ya bahasha yangu, sijui kuilinda au kuizuia.

Fundi Viatu alizima. Alisema ziko tatu kama hiyo, na baada ya hapo darasa zima likaanza kumwita Betri. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

"Mwanangu hajatamka neno tangu tarehe saba," alisema. "Hata salamu. Akitaka maji ananyoosha kidole. Nilikuja leo nikidhani umeitisha kikao kwa ajili yake pia."

Akakaa. Muuguzi aliinua kichwa. Nilimwona akinitazama, na katika macho yake hamkuwa na ushindi. Nilichokiona kilikuwa nafuu, na hiyo ilinichoma zaidi.

Mwalimu alisema mambo: kundi lile lifungwe leo, kazi za kusoma ziishie kwenye simu yake peke yake, kila mzazi azungumze na wake. Nilisikia nusu. Nilisimama kusema kitu na kilichotoka ni kwamba jumbe zile nilikuwa nimeziona. Nilizikuta tarehe 21 na nikaziacha. Basi. Nikakaa.

Tulitembea kurudi bila mwavuli.

Jumapili, 30 Machi. Mvua: 14.4

Limelowa.

Jumatatu, 31 Machi. Mvua: 20.9

Tone alikuja mwenyewe kituoni saa tatu kasoro, bila koti. Hajalivaa tena tangu picha ile. Mvua nyembamba. Nilimwambia yaliyotokea kikaoni, yote, pamoja na langu.

Akasema alijua nimeziona. Alikuwa ameniona nikiwa nimeweka simu sikioni, nimesimama, halafu nikaitoa haraka.

"Nilikuwa nasubiri uniulize," alisema. "Kila siku nilikuwa nasema leo ataniuliza."

Nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Alisema mtoto mwingine alikuwa ametuma sauti ya mwana wa Fundi Viatu kwenye kundi, na kila mtu alikuwa anaandika hahaha, na yeye anajua kuigiza, basi akaigiza, na wakamsifu. Siku tano walimsifu. Halafu mtu akaikuta picha. Alisema chura alikuwa mbaya lakini si mbaya kama usiku, kwa sababu usiku alikuwa anamsikia yule mtoto akijaribu kufika kwenye lile neno, na hafiki.

Mimi nilikuwa nimepima shuka kila asubuhi na kuliandika, wiki tatu, na nilikuwa nikisoma kipimo kisicho chake. Nilidhani analoweshwa na wanayomtendea. Nusu ilikuwa hiyo. Nusu nyingine alikuwa ameibeba peke yake, na mimi, nilipoikuta, niliificha ili abaki kuwa mtoto niliyetaka kumtetea.

Saa tatu ilipita kwa dakika nne kabla sijapima. Nimeandika hivyo kwenye daftari la serikali: saa 3.04.

Jumanne, 1 Aprili. Mvua: 5.5

Nimetoa orodha kwenye bahasha. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: Kumbukumbu kamili, kuanzia tarehe 11 Machi. Nimepiga mstari mmoja juu ya kamili na mwingine juu ya 11. Yote yanasomeka. Kando nimeandika 6, na chini yake jumbe tatu, saa zake, na namba zilikotoka. Namba yangu. Zimekuwa arobaini na nne.

Tone aliniangalia nikiandika. Aliomba kalamu akaweka jina lake pembeni ya zile tatu, jina lake halisi, lile la shule.

Nimempa Mwalimu nakala mpya.

Alhamisi, 3 Aprili. Mvua: 16.0

Tulikwenda kwa Fundi Viatu, Tone na mimi. Mwokaji alituma mkate. Nikamwambia hatuendi msibani, akasema nani ajuaye.

Kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya baba yake, akichagua misumari kwa ukubwa na kuiweka kwenye mikebe. Kazi safi kabisa; ningemwajiri leo. Hakuinua macho. Fundi Viatu alitupa benchi, akaendelea kushona soli, na nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutotutazama.

Tone alikuwa amejiandaa maneno, nilimsikia akiyakariri njiani. Alipofika mbele ya yule kijana yote yalimtoka. Alisimama. Mdomo ulifunguka, ukafumba. Ukafunguka tena. Nilianza kumsaidia, nikasema alitaka kusema, na Fundi Viatu akanitazama kidogo tu, sindano ikiwa mdomoni. Nikanyamaza.

Ilichukua muda. "Ile sauti ilikuwa mimi," Tone alisema mwishoni. "Nilicheka ili wanipende. Samahani."

Kijana aliacha misumari. Alimtazama Tone, sijui tuseme kwa chuki au kwa kushangaa kumwona mtu mwingine amekwama. Akarudi kwenye misumari. Hakuwa na deni la kutujibu. Tuliondoka.

Njiani Tone aliniuliza kama amesamehewa. Nikamwambia hatukupima, tusikisie.

Ijumaa, 4 Aprili. Mvua: 2.3

Muuguzi ananipita bila salamu. Binti yake alisimama kwenye uzio wetu asubuhi, akazungusha mwavuli mara mbili tatu, akaondoka. Shuka kavu.

Jumamosi, 5 Aprili. Mvua: 17.4

Saa tatu kasoro robo, Fundi Viatu na mwanawe walikuwa langoni. Alisema kijana ameandika kwenye karatasi kwamba anataka kuona mvua inapimwaje, akanionyesha karatasi, kana kwamba nisingeamini. Yeye alibaki nje ya uzio chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja.

Tone alikuwa amevaa koti la kijani.

Nilifungua kipimamvua, nikamimina maji kwenye gilasi, nikamwonyesha kijana namna ya kuiinua hadi usawa wa macho na kusoma pale maji yanapozama katikati, si pembeni yanapopanda. Alielewa mara moja. Tone alifungua daftari la serikali kwenye safu ya leo, akashika kalamu tayari. Kanuni ya kituo ni kwamba msomaji husema kwa sauti na mwandishi huandika. Nilikuwa nimeisahau hadi nilipoona wote wawili wananitazama.

Nikanyoosha mkono niichukue gilasi. Kijana hakuiachia.

"Kumi," alisema. Sauti kavu, ya mtu aliyefungua mlango uliokaa sana. Nje ya uzio mwavuli wa Fundi Viatu uliacha kutikisika. "Kumi na s..."

Akakwama pale. Mvua ilikuwa inaingia kwenye kola yangu. Tone aliweka ncha ya kalamu juu ya karatasi na kuiacha hapo, wino ukaanza kufanya doa.

Maji yalikuwa wazi mbele yangu. Nilikuwa naiona namba. Sikuisema.